Kabla hujanunua unga wa kuvu, jua kwanza mmea wako unauhitaji ama la

Siku hizi ukiuliza mbolea ya kilimo hai kwenye agroveti, huenda ukaonyeshwa pakiti ya unga unaoitwa mikoriza. Utaambiwa ni kuvu nzuri, itie kwenye mizizi na mmea utanawiri.

Kama una magunia ya sukuma kwenye ploti huko Mishomoroni, ama kishamba cha mihogo Mtongwe, ngoja kwanza. Unga huo waweza kukufaa sana, na pia waweza kuwa pesa umezitupa baharini. Inategemea umepanda nini.

Biashara ya chini kwa chini

Ukisikia kuvu labda wakumbuka mkate ulioota ukungu ama fangasi za miguu. Hii ni jamii nyingine. Jina mikoriza linatokana na maneno mawili ya Kigiriki, kuvu na mzizi. Lilitungwa mwaka wa 1885 na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Albert Bernhard Frank, alipoona kuvu na mizizi vikiishi pamoja bila kudhuriana.

Mpango wao ni wa nipe nikupe. Kuvu huingia ndani ya mzizi, kisha hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele ambazo husambaa udongoni mahali mzizi wenyewe haufiki. Nyuzi hizo huleta fosforasi, zinki na maji. Mmea nao hulipa kwa sukari na mafuta. Malipo hayo yaweza kufika hadi asilimia 20 ya chakula chote mmea unachotengeneza kwa jua. Si pesa kidogo hiyo!

Zaidi ya asilimia 70 ya mimea ya nchi kavu iko kwenye biashara hii, na si ya jana. Huko Rhynie, Scotland, kumepatikana mimea iliyogeuka mawe miaka milioni 400 hivi iliyopita, na kuvu hizi zimo ndani yake.

Kwetu Pwani jambo hili lina uzito wake. Mchanga wa Likoni hauzuii maji. Ukimwagilia asubuhi, jioni pamekauka. Upande wa Bamburi na Shanzu udongo umejaa chokaa ya matumbawe. Fosforasi ya mbolea uliyonunua ikikutana na chokaa hiyo hushikana nayo, ikawa mzizi hauipati kwa urahisi. Umelipa, na mmea bado una njaa. Hapo ndipo nyuzi za kuvu husaidia.

Ushahidi uko Bamburi

Haller Park waijua. Labda ulipelekwa na shule kumwona kobe Mzee na rafiki yake kiboko Owen. Lakini miti uliyoipita ukienda kwa kobe ina kisa kikubwa zaidi.

Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka wa 1954. Baada ya kuchimbwa, pakabaki mwamba mtupu unaochoma, na maji ya chumvi chini yake. Mwaka wa 1971, Mswisi René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, damas na mnazi.

Mvinje ulifaulu kwa sababu hauishi peke yake. Mizizi yake hufuga vijidudu viitwavyo Frankia, ambavyo hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuugawia mti. Hivyo ni bakteria, si kuvu, ila vimepewa jina la yule yule Frank wa mikoriza. Na mvinje ni mmoja wa miti inayoshirikiana na bakteria hao na kuvu za mikoriza pia.

Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza. Haller akaleta majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pana msitu. Mwaka wa 1987 Umoja wa Mataifa ulimtuza kwa kazi hiyo kupitia shirika lake la mazingira, UNEP.

Sukuma haimo

Sasa turudi kwa pakiti yako. Sukuma, kabeji na jamaa zao hawafanyi biashara na mikoriza. Mchicha na spinachi pia kwa kawaida hazimo. Ukitia unga huo kwenye gunia la sukuma, kuvu haitapata mwenyeji. Nunua samadi, utaona faida.

Wanaoihitaji ni pilipili, biringanya, nyanya, bamia, kunde, mahindi, mpapai, mwembe na mnazi. Muhogo ndio unaotegemea zaidi, kwa sababu mizizi yake ni minene na michache. Ule muhogo wa kuchoma unaoula na pilipili na ndimu, kuvu imechangia.

Na usidanganyike: kuvu ni boda, si duka. Boda hawezi kukuletea unga ikiwa dukani hamna. Udongo usipokuwa na rutuba kabisa, bado utahitaji mboji ama samadi.

Fanya hivi

Huenda kuvu unazo tayari, ila unaziua. Ukilima na kugeuza udongo kila mara wakata nyuzi. Ukiacha shamba tupu miezi mingi, kuvu hukosa mzizi hai wa kuilisha. Panda hata kunde. Ukimwaga DAP kupita kiasi, mmea hushiba fosforasi na kuacha kuilipa kuvu. Baadhi ya dawa za ukungu nazo huiua.

Ukiamua kununua, angalia tarehe, na usichukue pakiti iliyoanikwa juani, maana kilichomo ni kiumbe hai. Itie ndani ya shimo iguse mizizi unapohamisha miche. Kuinyunyiza juu juu ni hasara.

Ama jitengenezee. Chota udongo chini ya nyasi mahali hapajalimwa, utie kwenye mtungi na upande mahindi. Baada ya miezi mitatu ama minne, yakate, ukatekate mizizi na uichanganye na udongo ule. Hiyo ndiyo mbegu yako ya kuvu. Usichote penye mmea mgonjwa, utabeba minyoo na maradhi.

Kisha pima mwenyewe. Panda pilipili kwenye mitungi minne yenye udongo sawa, miwili uitie kuvu, miwili uiache. Mwagilia sawasawa na uhesabu matunda. Mitungi yenye kuvu isipozidi, pesa zako zilinde.