Weka Vitu Vidogo Penye Kulipia

Tuseme una duka hapa Hasamba. Mgeni ametoka Ndolezi kuona Kimondo cha Mbozi, kile chuma kikubwa kilichoanguka kutoka angani. Anaingia kununua soda. Anapotoa fedha, anaona mezani pakiti ndogo zilizoandikwa "Kahawa ya Mbozi". Anachukua moja. Hakuja kununua kahawa. Amenunua kwa sababu ameiona.

Mwenye duka, fanya hivi:

1. Weka vitu hivyo mahali unapopokea fedha.
2. Chagua vitu vidogo vya bei nafuu. Visiwe vya aina nyingi.
3. Geuza jina la Mbozi mbele lisomeke. Mgeni anataka kumbukumbu ya safari yake.
4. Andika bei kwa tarakimu kubwa. Watu wengine huona haya kuuliza.

Anza na pakiti 10 tu. Zisipouzwa, fedha yako imelala. Kila jioni andika katika daftari: zilizouzwa ngapi, zilizobaki ngapi.

Kahawa iwe ya Mbozi kweli. Ukidanganya, unaharibu jina la wakulima wote.

Kazi: Andika kibao cha bei cha kitu kimoja.