Kweli au Si Kweli: Mkutano wa Watengeneza Tovuti Kando ya Ziwa Kivu

Nyakiriba ni murenge (eneo la utawala) mmoja kati ya 12 ya wilaya ya Rubavu, nchi ya vilima na viazi, jirani na mji wa Gisenyi nchini Rwanda. Kijana wa huku aliyejifunza kutengeneza tovuti kwa laptopu ya kuazima akiuliza kwa nini mikutano ya wenzake haifiki kwao, hupewa majibu mengi, na yote kwa uhakika mkubwa. Mengi si kweli. Machache ni kweli, na yanauma. Nimeyapima moja moja, kwa sababu naamini Rubavu inafaa kuwa mwenyeji wa mkutano wa namna hiyo, na imani isiyopimwa haitamsaidia yeyote.

"Mkutano wa maana hufanyika mji mkuu, tena kwenye ukumbi mkubwa."

Si kweli, na ushahidi hauko mbali. Mwezi wa Novemba 2023 watengeneza tovuti kutoka pande nyingi za Afrika walikutana kwenye DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa zana iitwayo Django. Hawakukutana Lagos, Nairobi wala Johannesburg. Walikutana Unguja, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Mwaka 2025 mkutano huo ukarudi, safari hii Arusha, mwezi wa Agosti. Kisiwa kimoja na mji mmoja wa chini ya mlima.

Kigali nayo imepokea mikutano mikubwa ya dunia: ule wa watafiti wa akili unde, ICLR, Mei 2023, na wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya anwani za intaneti, Juni 2024. Hiyo inahitaji ukumbi mkubwa kweli. Mkutano wa jumuiya ni kitu kingine. Unahitaji vyumba vya kusomea, umeme usiokatika, intaneti inayobeba watu wote kwa pamoja, chakula, na vitanda vya bei inayobebeka. Chuo kinaweza kuwa na karibu vyote hivyo, na Gisenyi ina vyuo.

"Hayo ni mambo ya makampuni, na ya mabingwa waliobobea."

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa.

Django ni zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ilizaliwa mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Vijana wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison, walitakiwa kutoa kurasa mpya za gazeti kwa saa chache, si kwa miezi, ndipo wakajitengenezea njia ya mkato. Julai 2005 gazeti likaruhusu zana hiyo itolewe kwa umma bila malipo. Jina ni la Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye vidole vyake viwili viliungua motoni akajifunza kupiga upya kwa vilivyobaki. Tangu 2008 kazi hiyo inalindwa na taasisi isiyo ya faida, na sehemu kubwa ya marekebisho huletwa na watu wanaojitolea. Mikutano yake pia huandaliwa na watu wa kujitolea: huyu anatafuta ukumbi, yule anajibu barua za viza, mwingine anapanga msaada wa nauli kwa wasioweza kujilipia.

Mabingwa? Karibu na mikutano hii huwekwa mara nyingi warsha ya Django Girls, iliyoanzishwa na wanawake wawili Berlin mwaka 2014, kwa ajili ya wanawake ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nieleze jinsi siku yenyewe inavyokwenda. Watu watatu au wanne wanazunguka meza moja na mwalimu wao. Asubuhi wanahangaika kuweka Python kwenye kompyuta zao, na kazi hiyo inachosha kuliko zote. Kisha mmoja anaandika amri ya kuwasha seva, anafungua anwani 127.0.0.1:8000, na kwenye skrini inatokea picha ya roketi ikiruka. Hakuna zaidi ya hapo: ukurasa wa kukaribisha, kwenye kompyuta yake mwenyewe, usioonekana na mtu mwingine duniani. Lakini meza nzima inasimama kuitazama. Jioni wanaondoka kila mmoja na tovuti yake ndogo.

Na kwa jirani wa Nyakiriba kuna jambo la ziada. Shule ya Rwanda Coding Academy, inayofundisha vijana kuandika programu, ilifunguliwa mwaka 2019 wilayani Nyabihu, kwenye barabara inayopanda kutoka Gisenyi kwenda Musanze. Kwa hiyo wanaosema wasikilizaji watatoka Kigali tu wameisahau shule iliyo mlango wa pili.

"Wageni watateseka kwa viza."

Si kweli kwa upande wa Rwanda. Tangu Januari 2018 raia wa nchi yoyote hupata viza anapofika, na Novemba 2023 ilitangazwa kuwa Waafrika wote wataingia bila viza. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Wenzetu wa Afrika Magharibi waliowahi kukosa mkutano wa Ulaya kwa sababu ya muhuri mmoja wa ubalozi wanajua thamani ya jambo hili.

"Kutembezwa mjini ni kupoteza muda wa mkutano."

Si kweli. Hotuba huweza kurekodiwa ukaitazama nyumbani. Mtu aliyeandika sehemu ya programu unayoitumia kila siku, ukapanda naye boti moja, hawezi kurekodiwa. Maswali ambayo kijana hathubutu kuuliza mbele ya ukumbi huulizwa njiani, mikono ikiwa imeshika mahindi ya kuchoma. Ndiyo maana Zanzibar waandaaji hawakuyaacha matembezi kuwa jambo la kila mtu na bahati yake; waliyahesabu kuwa sehemu ya mkutano.

"Yote anayoambiwa mgeni na wenyeji ni kweli."

Si kweli, na hapa watu wa programu wanapaswa kuona aibu wakidanganywa kirahisi, maana kazi yao ni kupima kabla ya kuamini.

Chukua kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watalii wanakiita Kisiwa cha Magereza, na wengi hurudi wakisimulia mateso ya wafungwa. Gereza lilijengwa kweli katika miaka ya 1890, baada ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya sultani, kukinunua kisiwa. Lakini halikuwahi kutumika kuwaweka wahalifu. Kisiwa kiligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuleta homa ya manjano na maradhi mengine kwa meli. Wale kobe wakubwa wanaolishwa majani na wageni nao si wa pale, walitoka Seychelles. Simulizi ya karantini ina uzito kuliko ile ya gereza: bandari nzima, jahazi na meli, watu na magonjwa yao, na serikali inayotafuta mahali pa kuwatenga. Kwa nini mgeni anyimwe hiyo apewe ya kubuni?

Upande mwingine, habari inayosikika kama chumvi huweza kuwa kweli. Vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha ndani ya saa moja. Wengi huhesabu dakika 38.

Basi na sisi wa Kivu tujichunguze, kwani tuna chumvi yetu.

"Sambaza ni samaki wa asili wa Kivu."

Si kweli. Sambaza, samaki wadogo wanaokaangwa wakaliwa kichwa na mkia, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kivu ilikuwa na samaki wachache, na hapakuwa na wa kula vijidudu vinavyoelea katikati ya maji. Leo ndio chakula na ndio mshahara. Jioni mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe, taa zinawashwa juu ya maji, na wavuvi wanapiga kasia wakiimba. Mpeleke mgeni ufukweni saa kumi na mbili jioni aone inavyoondoka, kisha umwambie ukweli kuhusu samaki. Hakuna atakachokipoteza.

"Ziwa Kivu litalipuka, usimlete mtu."

Hapa jibu ni refu. Ni kweli kwamba chini ya ziwa kuna gesi nyingi mno: makadirio ni kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, zikiwa zimeyeyuka katika maji ya kina kirefu na kubanwa na uzito wa maji ya juu. Ni kweli pia kwamba Ziwa Nyos nchini Cameroon lilitoa gesi usiku mmoja wa Agosti 1986, likaua watu wapatao 1,700. Lakini gesi ya Kivu haijafikia kiwango cha kububujika yenyewe, na maji yake yamepangika kwa matabaka mazito yasiyochanganyika kirahisi. Wataalamu wanaifuatilia. Tena gesi hiyo ni mali: kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt huko Karongi unazalisha umeme wa megawati 26 tangu 2016.

Hatari ndogo, ya kila siku, ndiyo isiyotajwa kwa wageni. Inaitwa mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haina rangi. Mbuzi akiingia humo anaanguka, na mtoto pia. Mwenyeji wa kweli humwambia mgeni asipige hema kwenye kishimo na afuate mabango.

"Volkano ya Nyiragongo iko Kongo, haituhusu."

Si kweli. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 matetemeko yalipasua nyumba na barabara mjini Gisenyi kwa siku kadhaa. Ratiba yoyote ya mkutano iwe na ukurasa unaoeleza watu watoke vipi.

"Siku ya matembezi tutavuka tu kwenda Goma."

Si kweli tena. Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka, na Gisenyi zimeishi kama nyumba moja yenye milango miwili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kikipita bila kuombwa karatasi. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, na mabomu na risasi za mapigano hayo zilivuka mpaka zikaua raia hapa Rubavu. Hili ndilo jibu linalouma. Mwandaaji atakayelificha ili kujaza viti atakuwa amewakosea wageni na wafiwa. Aseme wazi, afuate taarifa za usalama, na ikibidi aahirishe.

Matembezi ya upande huu yanatosha. Kuna maji ya moto ya Nyamyumba, ambako watu huoga na hata kuchemsha viazi. Wanaodai yanaponya kila ugonjwa, si kweli. Joto hulegeza misuli, hilo tu. Kuna mashamba ya chai ya Pfunda. Kuna njia ya Congo Nile ya kilomita 227, inayoanzia Rubavu na kuambaa na ziwa hadi Rusizi, na siku moja ya mwanzo inamtosha mgeni mwenye laptopu mgongoni.

"Kiswahili si lugha ya kutengenezea tovuti."

Si kweli. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Kwenye orodha ya lugha ambazo Django inakuja nazo, Kiswahili kimo, kwa herufi mbili: sw. Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Amri za programu zitabaki za Kiingereza, lakini maelezo, maswali, kumsaidia aliyekwama, vyote vinafanyika kwa Kiswahili bila shida, na Rubavu ni mahali ambapo Mnyarwanda, Mkongo, Mganda na Mtanzania wataelewana bila mkalimani.

"Tungoje tufadhiliwe kwanza."

Si kweli, na hili ndilo linalotuchelewesha kuliko yote. Warsha ya Django Girls ni ya siku moja, na mwongozo wake ni wa bure. Unahitaji chumba kimoja cha shule siku ya Jumamosi, umeme, intaneti ya kuchangishana, laptopu kumi za kuazima na walimu watatu wa kujitolea. Vijana wa Nyakiriba, tafuteni chumba hicho mwezi huu. Atakayekuja mara ya kwanza mpelekeni jioni ufukweni, mitumbwi ikiondoka.