Askofu John Coleridge Patteson: Mcheza Kriketi na Shahidi wa Melanesia

Utangulizi

Mara nyingi maaskofu wa enzi ya ukoloni huelezwa ama kuwa watakatifu wasio na doa, ama kuwa watumishi wa serikali za nchi zao. Maisha ya John Coleridge Patteson, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Melanesia, hayaingii kwa urahisi katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Katika makala hii tunakusudia kueleza habari zake kwa ufupi, na kulitafakari swali ambalo kifo chake kililiachia Kanisa.

Malezi yake

Patteson alizaliwa London tarehe 1 Aprili 1827, mwana wa jaji. Alisoma Eton, shule ya wana wa wakubwa, na huko alijipatia jina katika mchezo wa kriketi, akawa mmoja wa vijana kumi na mmoja wa timu ya shule. Ilikuwa desturi ya wachezaji hao kuandaa karamu kila mwaka, na karamuni ziliimbwa nyimbo chafu. Patteson alizipinga, na zilipoanza kuimbwa aliinuka akatoka. Kisha akaeleza kwamba ataiacha timu asipoombwa radhi. Timu ilimhitaji, radhi ikaombwa.

Mwaka 1841, akiwa bado mwanafunzi, alimsikia Askofu George Augustus Selwyn akihubiri kabla ya kwenda New Zealand, na neno hilo halikumtoka moyoni. Baada ya masomo ya Oxford alibarikiwa kuwa shemasi mwaka 1853. Mwaka 1855 alisafiri pamoja na Selwyn, na tarehe 24 Februari 1861 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka huohuo Charles Mackenzie aliwekwa wakfu kuongoza misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo baadaye ilikita mizizi Unguja.

Utume wake

Visiwa vya Melanesia ni vingi, na lugha zake ni nyingi mno. Kwa hiyo meli ya misheni, "Southern Cross", ilizunguka visiwani ikiwachukua vijana kwa ridhaa ya wazee wao, wakafundishwa chuoni, kisha wakarudishwa kwao wawe walimu. Chuo kilikuwa kwanza karibu na Auckland, na mwaka 1867 kilihamishiwa kisiwa cha Norfolk. Mara nyingi Patteson aliogelea peke yake hadi pwani, akiwa na zawadi na kijitabu cha kuandikia majina ya watu.

Hakutaka kuwageuza Wamelanesia kuwa Waingereza. Alijifunza lugha zao zaidi ya ishirini, na chuoni masomo yalitolewa kwa lugha ya kisiwa cha Mota. George Sarawia, mmoja wa wanafunzi wake, alibarikiwa kuwa shemasi mwaka 1868, na mwaka 1873 akawa kasisi wa kwanza Mmelanesia.

Kifo chake

Katika miaka hiyohiyo meli nyingine zilifika visiwani kutafuta vibarua wa mashamba ya Queensland na Fiji. Wengine walidanganywa, wengine walikamatwa kwa nguvu. Patteson aliandika kuilaumu biashara hiyo, akidai iwekewe sheria.

Tarehe 20 Septemba 1871 alishuka peke yake katika kisiwa cha Nukapu, akauawa. Mwili wake ulirudishwa katika mtumbwi, umefungwa mkekani, na juu yake pamewekwa kuti lenye mafundo matano. Wenzake Joseph Atkin na Stephen Taroaniara walikufa baadaye kwa majeraha ya mishale. Wamisionari walieleza kwamba mafundo hayo yalihesabu watu watano waliotekwa na meli ya vibarua. Mwaka 1872 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia utekaji wa watu wa visiwa hivyo.

Hata hivyo, watafiti wa siku zetu wametoa maelezo mengine, mojawapo likiwa kwamba watu wa Nukapu walihofu askofu mwenyewe angewachukua vijana wao.

Hitimisho

Hapa ndipo swali lilipo. Patteson aliwachukia watekaji, lakini mama aliyesimama pwani aliona meli ikija na kijana wake akiondoka. Angetambuaje kwamba meli hii itamrudisha na ile haitamrudisha? Kupendwa na Patteson hakukumwondolea mama huyo hofu yake.

Nasi tulio vyuoni tunawachukua vijana kutoka sharikani na majumbani mwao, tukiamini kwamba tunawaandaa kwa ajili ya watu wao. Basi yatupasa kuwauliza wazazi na wazee wao wanavyoiona kazi hiyo, na kuyasikiliza majibu yao hata yanapotuuma. Wengi wa vijana hao wasiporudi kuwatumikia waliowatoa, tutawajibuje?