Neno Moyoni na Maandishi Ukutani: Juu ya Kukariri na Kuandaa Slaidi za Mafundisho

Mtumishi wa Neno hufundisha si mimbarani tu, bali pia katika semina za wazee wa kanisa, mikutano ya vijana na madarasa ya Kipaimara. Huko mara nyingi hukuta kompyuta na projekta vimeandaliwa. Vyombo hivi ni vyema, lakini vina hatari yake: mwalimu huiachia slaidi kazi iliyopasa kufanywa moyoni mwake, kisha huisoma akiwapa wasikilizaji mgongo. Umeme ukikatika, na fundisho limekatika.

Suala hili si geni kwetu Walutheri. Ukaguzi wa sharika za Saxony, ambao Martin Luther alishiriki mwaka 1528, ulimwonyesha jinsi Wakristo wengi walivyokuwa hawajui misingi ya imani. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, ambayo sehemu zake zilichapishwa kwanza kama mabango ya kutundikwa ukutani. Katika dibaji aliwaagiza wachungaji washike namna moja ya maneno, wasiibadili mwaka hadi mwaka. Na watu wakiisha kuyajua maneno, ndipo wafundishwe maana, sehemu moja baada ya nyingine. Bango lilikuwa msaada wa kukariri, wala halikuchukua mahali pake. Utaratibu huo unaonekana pia katika Kumbukumbu la Torati 6:6-9: maneno yanatajwa kwanza moyoni, halafu katika kuwafundisha watoto, na mwishoni kwenye miimo ya milango.

Kumbukumbu hujengwaje? Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba sehemu kubwa ya jambo tulilojifunza hutupotea katika saa za kwanza, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya mara moja. Mwaka 2006 watafiti Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka pasipo kutazama maandishi walikumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko wale waliosoma tena na tena.

Basi, atakayefundisha Jumapili aanze mapema. Agawanye somo katika hoja tatu au nne. Akariri kikamilifu andiko kuu, sentensi ya kwanza na ya mwisho. Hoja nyingine azishike kwa mpangilio wake, si neno kwa neno. Kisha afunge daftari na kusema kwa sauti. Akikwama ajitahidi kukumbuka kwanza, ndipo afungue. Afanye hivyo Jumatano, Ijumaa na Jumamosi.

Baada ya hayo ndipo aandae slaidi. Akili hupokea mambo machache kwa wakati mmoja. Msikilizaji anayesoma aya ndefu ukutani huku mwalimu akizungumza hushindwa kuvifuata vyote viwili. Kwa hiyo kila slaidi ibebe wazo moja. Anayefundisha Matendo ya Mitume 13 na 14, kwa mfano, asiandike habari yote ya safari. Aonyeshe ramani yenye Antiokia ya Shamu, Kipro, Ikonio, Listra na Derbe, na habari aisimulie mwenyewe. Herufi zisomeke na aliyeketi benchi la nyuma kabisa. Andiko refu lisomwe katika Biblia zilizo mikononi mwa watu, ili wajue mahali pa kulitafuta wakiwa nyumbani. Wakati wa maombi au mjadala ukuta uachwe bila picha. Katika programu ya PowerPoint, kubonyeza herufi B wakati wa kuonyesha hutosha.

Wako wasemao kwamba kukariri ni kazi ya kasuku. Ni kweli, ikiwa maana haikufundishwa. Ndiyo sababu Luther aliunganisha maneno na maana. Kipimo cha maandalizi ni rahisi: mwalimu alifundishe somo lake lote mara moja bila projekta, mbele ya mwenzake. Asipoweza, arudi kwenye daftari, si kwenye kompyuta.

Jambo hili linagusa utumishi wetu wote. Kando ya kitanda cha mgonjwa na kaburini hakuna ukuta wa kusomea. Huko mchungaji hutoa alicho nacho moyoni, na mgonjwa naye hushika maneno aliyofundishwa alipokuwa mtoto wa Kipaimara.