Tezi ya Thairoidi: Dawa, Iodini ya Mionzi au Kisu?

Mtu akianza kukonda ilhali anakula vizuri, majirani hawachelewi kumtafutia ugonjwa. Mjini watanong'ona kuhusu virusi, kijijini watauliza ni nani aliyemtazama kwa jicho baya. Si ajabu mgonjwa mwenyewe awe amepimwa malaria mara tatu na kupewa dawa za presha kabla ya mhudumu mmoja makini kumtazama shingo, kuona vidole vinavyotetemeka na kuagiza kipimo cha damu kiitwacho TSH. Majibu yanaporudi, ugonjwa unapata jina: tezi ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi.

Wengi huondoka kliniki wakiwa na karatasi ya dawa na swali ambalo hawakupata nafasi ya kuliuliza: je, hii ndiyo njia pekee? Siyo. Tiba kuu ziko tatu, zimetumika kwa miongo mingi, na zote hufanya kazi. Zinatofautiana katika kile zinachomdai mgonjwa: muda, safari, kovu, kuahirisha mimba, au kidonge cha kila siku maishani. Kwa sababu hiyo daktari hawezi kuchagua vyema bila kujua mgonjwa wake anaishi vipi, na mgonjwa hawezi kuchagua bila kuelezwa.

Tezi yenyewe ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili mzima. Ikilegea, mtu huchoka, husikia baridi, hunenepa na choo huwa kigumu. Ikizidisha, moyo huenda mbio hata mtu akiwa ameketi, jasho humtoka, usingizi humpotea, choo huwa laini na cha mara kwa mara, na kwa wanawake hedhi huvurugika. Wengine macho hutokeza nje. Chanzo kikubwa cha kuzidisha huko ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huigeukia tezi na kuichochea bila kukoma. Wanawake huupata mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Si kila shingo iliyovimba ni ya chumvi

Wazee wa kaunti hii wanakumbuka wakati rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilipohusishwa moja kwa moja na ukosefu wa iodini. Hawakukosea. Kenya imekuwa ikitia iodini kwenye chumvi ya mezani tangu miaka ya 1970, na rovu za aina hiyo zimepungua sana. Wakazi wa ufuoni wanapaswa kujua kwamba samaki wa ziwani si kama samaki wa baharini kwa upande wa iodini. Omena na ngege ni chakula kizuri, lakini chumvi yenye iodini haina budi kubaki jikoni, ikiwa kwenye mkebe uliofunikwa, mbali na mvuke na jua.

Muhogo nao una sehemu yake. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu nchini Kongo, waliona kwamba iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu zilijaa zaidi upande ambao watu waliutegemea muhogo. Hii si sababu ya mkazi wa Seme kuacha ugali wa muhogo. Muhogo ulioandaliwa vizuri, pamoja na chumvi yenye iodini, hauna tatizo hilo.

Jambo hili linaingia katika makala haya kwa sababu aina ya uvimbe ndiyo inayoamua tiba. Rovu lisilobana koo na lenye homoni za kawaida linaweza kuangaliwa tu, bila dawa yoyote. Kinundu kimoja kwenye tezi huhitaji picha ya altrasaundi na wakati mwingine kutolewa chembe kwa sindano nyembamba. Vingi sana kati ya vinundu hivyo si saratani. Na mtu mwenye Graves akiambiwa na jirani anywe matone ya iodini "ili shingo irudi", huenda akawa anamwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Njia ya vidonge

Hapa kwetu wagonjwa wengi huanza na kabimazoli, na ni mwanzo wa busara. Dawa hii huzuia tezi kutengeneza homoni mpya. Haiondoi zile zilizokwisha kuingia kwenye damu, kwa hiyo mgonjwa hukaa wiki tatu hadi sita kabla ya kuona nafuu ya kweli. Katika kipindi hicho wengi hupewa pia propranololi ya kutuliza moyo na mikono. Mwenye pumu aseme mapema, kwa kuwa dawa hiyo ya pili haimfai.

Kozi ya kawaida ni miezi 12 hadi 18. Uzuri wake ni kwamba tezi inabaki mahali pake, na wapo wanaopona kabisa. Ubaya ni kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa Graves hurudiwa na ugonjwa baada ya kuacha vidonge. Kozi hiyo pia inadai vipimo vya damu kila baada ya wiki kadhaa, na kila kipimo kina nauli na gharama yake. Anayejua kwamba hataweza kurudi kliniki kwa mwaka mzima aseme hivyo tangu siku ya kwanza. Kuacha dawa kimyakimya katikati ndilo chaguo baya kuliko yote matatu. Mgonjwa asiyetibiwa anaweza kupata moyo usiopiga kwa mpangilio, kiharusi, na katika hali mbaya homa kali, kuchanganyikiwa na kifo.

Kuna hatari moja ya kabimazoli ambayo katika eneo letu inahitaji kusemwa kwa sauti. Kwa wagonjwa wachache, chini ya mmoja kati ya mia, dawa hii huangusha ghafla idadi ya seli nyeupe za damu, mara nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Dalili zake ni homa, maumivu ya koo na vidonda mdomoni. Sasa tafakari: mkazi wa Nyando au Ahero akipata homa, wazo la kwanza ni malaria. Atanunua dawa dukani, ataendelea na kabimazoli, na siku mbili baadaye mwili hautakuwa na askari wa kuulinda. Anayemeza dawa hii akipata homa au koo bovu, asimeze kidonge kinachofuata. Aende hospitalini siku hiyo hiyo, aseme waziwazi kwamba anatumia kabimazoli, na aombe hesabu kamili ya damu. Malaria apimwe pia, bila shaka. Lakini kupatikana kwa malaria hakuondoi haja ya kuhesabu seli nyeupe.

Mwanamke anayepanga kuzaa ana hesabu yake. Kabimazoli katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto, na madaktari huwa wanaibadilisha kwa dawa nyingine. Kwa hiyo mazungumzo kuhusu mimba hufanywa kabla mimba haijaingia, na mwenye mimba asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana tezi isiyodhibitiwa nayo inahatarisha ujauzito.

Iodini ya mionzi

Neno mionzi huwatisha watu, na ni haki kuwatisha kidogo. Lakini tiba hii si ya majaribio: mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa iodini ya mionzi huko Boston mwaka 1941. Mgonjwa humeza kidonge au kinywaji. Kwa kuwa tezi ya thairoidi ndiyo inayokusanya iodini, mionzi hujikusanya humo na kuiharibu polepole, kwa wiki na miezi. Hakuna mshono wala kovu. Nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku nane.

Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na baada yake mwanamke husubiri angalau miezi sita kabla ya kushika mimba. Inaweza pia kuzidisha ugonjwa wa macho, hasa kwa anayevuta sigara. Kwa mkazi wa Kisumu kuna swali la safari. Tiba hii hutolewa Nairobi, katika hospitali chache zenye kitengo cha nyuklia, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ikiwa mojawapo. Ni kama kilomita 350 kwa barabara, na kwa siku kadhaa baada ya kumeza dawa mgonjwa hutakiwa kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito. Saa saba kwenye matatu iliyojaa, bega kwa bega na mama aliyepakata mtoto, hazipatani na agizo hilo. Aulize kabla ya kuondoka nyumbani: nitarudi vipi, na nitalala wapi nikirudi, ikiwa nyumba yetu ina chumba kimoja na watoto wanne?

Mwanariadha Gail Devers wa Marekani alikuwa na Graves na alitibiwa kwa mionzi. Njia yake haikuwa laini, kwani miguu iliathirika vibaya hadi ikazungumzwa habari ya kukatwa. Mwaka 1992 alishinda dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Barcelona, kisha akairudia Atlanta mwaka 1996.

Kisu

Upasuaji wa tezi hapo zamani uliua wengi. Daktari Theodor Kocher wa Uswisi aliufanya kuwa salama, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo hupendekezwa zaidi pale rovu linapobana njia ya hewa au ya chakula, pale panaposhukiwa saratani, pale macho yameathirika sana, au pale mwanamke anapotaka mtoto karibuni na hawezi kusubiri. Matokeo yake ni ya haraka. Hata hivyo homoni lazima zitulizwe kwanza kwa vidonge. Kupasua tezi iliyochachamaa ni hatari.

Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu ya sauti, na zimejificha tezi nyingine ndogo nne zinazolinda kiwango cha kalsiamu. Mishipa ikiguswa, sauti hukwaruza, mara nyingi kwa muda, mara chache daima. Kwa mwalimu, mhubiri au mama anayeuza kwa kuita wateja sokoni Kibuye, hilo si jambo dogo. Tezi ndogo zikiumia, vidole na midomo hufa ganzi na mgonjwa huhitaji kalsiamu. Swali la kumuuliza daktari wa upasuaji ni moja, na si utovu wa adabu: umefanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka?

Kidonge cha asubuhi

Baada ya tezi yote kutolewa, na kwa wagonjwa wengi baada ya iodini ya mionzi, mwili hubaki bila homoni ya kutosha. Watu hulipokea hili kama ishara kwamba tiba imeshindwa, wakati ndiyo matokeo yanayotarajiwa. Tezi iliyolegea ni rahisi zaidi kuitunza kuliko iliyochachamaa: kidonge kimoja cha levothairoksini kila siku, maisha yote, kwa kipimo kinachosahihishwa kwa TSH kila baada ya wiki sita hadi nane hadi kitulie. Kimezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, vikae mbali nacho kwa saa nne. Mwenye kutumia vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye bayotini amwambie mhudumu wa maabara, kwa kuwa vinaweza kupotosha majibu.

Kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulizwa na vidonge, uamuzi kati ya njia hizi haudai kufanywa siku hiyo hiyo. Ana nafasi ya kwenda nyumbani, kuzungumza na mwenzake, na kurudi na maswali yaliyoandikwa. Asiye na nafasi hiyo ni yule anayeshindwa kupumua au kumeza, au mwenye homa na moyo unaokimbia huku akiweweseka. Huyo apelekwe kwenye idara ya dharura mara moja.

Mkazi mwenye dalili aanzie kituo cha afya kilicho karibu au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Kutoka hapo hupewa barua ya rufaa hadi hospitali kubwa, ikiwemo ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi bado wanaiita Russia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na ambaye hajajisajili anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#. Kabla ya kupanga upasuaji au safari ya Nairobi, apite kwenye dawati la SHA hospitalini aulize ni sehemu gani ya gharama italipwa na ni ipi itakayotoka mfukoni, kisha abebe nakala za vipimo vyote, pamoja na vile vya zamani.