Mita za Mwisho Juu ya Ziwa

Wakazi wa Kiwalani na Yombo, jijini Dar es Salaam, wamezoea ngurumo za ndege za Uwanja wa Julius Nyerere, hata watoto hawainui macho. Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliondoka hapo kwenda Bukoba ikiwa na watu 43. Ilikuwa inatua kwenye mvua kubwa ilipotumbukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo. Wengine 24 walinusurika.

Kutua Dar na kutua Bukoba ni mambo mawili. Dar kuna mitambo ya redio inayomwonyesha rubani mstari wa kushukia hata kukiwa na mawingu. Bukoba, ambako njia ya kutua inaanzia ufukweni, rubani anategemea zaidi macho yake, na mvua ikinyesha mbingu na maji huwa rangi moja, kiasi kwamba kukadiria urefu kutoka majini ni kazi ngumu mno.

Upepo wa dhoruba nao ni hatari ya peke yake. Unaipiga ndege usoni na kuinyanyua, kisha ghafla unageuka na kuvuma kutoka nyuma, mabawa yanapoteza nguvu na ndege inashuka kama jiwe. Hivyo ndivyo ilivyoanguka ndege ya shirika la Delta huko Dallas, Marekani, Agosti 1985, ikaua watu 137. Ndiyo maana rubani anayekatisha kutua na kwenda kusubiri Mwanza hastahili kununiwa na abiria, hata kama ndugu wamekwishafika uwanjani kuwapokea.

Siku ile Bukoba, pua ya ndege ya Precision Air ilizama, mkia ukabaki juu ya maji. Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma, na huko ndiko wengi walikotokea. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, ambaye Rais Samia aliagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema wengi zaidi wangeweza kuokolewa kama uokoaji ungefika mapema. Hilo linauma kuliko yote. Uwanja unaopakana na ziwa unahitaji boti yenye mafuta na wazamiaji wenye mitungi ya hewa kila ndege inapotua, si baada ya simu kupigwa.