Simba tuliyemwacha, na mbwa wa Rumangabo

Tarehe 27 Mei 2021, asubuhi amri ilipotoka kwamba kartie 10 za Goma zihame kwa ajili ya volkeno, tulifunga magodoro, masufuria na madaftari ya watoto, tukashika barabara ya Sake. Mbwa wetu Simba tulimwacha amefungwa kwenye mti wa avoka. Mtoto wetu mdogo aliuliza njia nzima: "Mama, Simba atakula nini?" Hatukumjibu. Kusema kweli, tulikuwa hatujamfikiria.

Swali hilo huturudia kila tunaposikia habari za mbwa wa Rumangabo. Wengi wetu tunajua kwamba huko, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, kunalelewa sokwe yatima. Mbwa hawajulikani sana. Kikosi chao kilianzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa Marlene Zähner, mganga wa wanyama kutoka Uswisi. Wa kwanza walikuwa wa mbegu ya Saint-Hubert: masikio marefu, ngozi ya uso iliyokunjamana, macho ya huzuni kama ya mzee kwenye matanga. Kazi yao ni kufuata harufu ya mtu, hasa wawindaji wanaoua tembo kwa ajili ya pembe. Baadaye waliongezwa spanieli wadogo, ambao hunusa pembe na silaha zilizofichwa.

Mlinzi humnusisha mbwa kitu alichokigusa yule anayetafutwa, kisha humfuata nyuma, ameshika kamba ndefu. Mbwa wa Saint-Hubert si mkali; akimfikia mtu anaweza hata kumtikisia mkia. Mashaka yote yako kwenye kamba. Mlinzi anapaswa kusoma mkia, kichwa kilichoinama, mbwa anapozunguka kwa kuwa harufu imepotea. Akidhani yeye anaijua njia zaidi, akavuta, ameharibu kazi. (Sisi walimu tulicheka tulipolielewa hilo. Ni mara ngapi tumemvuta mtoto aliyekuwa karibu kulifikia jibu mwenyewe!)

Wala mbwa wa namna hii hafanyi kazi kwa fimbo. Hufanya kwa kipande cha nyama, na kwa sauti ya mtu mmoja anayemjua. Kwa hiyo mlinzi humsafisha masikio, maana masikio yale marefu huoza upesi, humpangusa mikunjo ya uso, hutazama miguu kama imechomwa na miiba. Mlinzi huyo amekulia kwenye vijiji na avenyi kama zetu, ambako mbwa ni wa kurushiwa jiwe. Na porini yeye na mbwa wake ndio wanaotangulia, katika hifadhi ambayo imekwisha kuzika walinzi zaidi ya 200. Mkono mmoja uko kwenye kamba. Lazima amwamini mnyama yule kama mtu anavyomwamini ndugu.

Hatusemi hofu ya wamama haina sababu. Kichaa cha mbwa kinaua, na mtoto aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali siku ileile, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Lakini mbwa wetu wengi hatuwachanji, hatuwalishi vizuri, hatuwaiti hata kwa jina, kisha tunashangaa wakiwa wakali.

Tuliporudi kutoka Sake, kamba ilikuwa kwenye mti, Simba hayupo. Tukajua amekufa. Kesho yake mtoto akamwona mbele ya nyumba ya papa mmoja mzee, jirani ambaye alikataa kuhama. Papa huyo alikuwa amemfungua siku ileile tulipoondoka, wakawa wanakula foufou pamoja, sahani moja hapa, nyingine pale. Tulimwita Simba. Alisimama, akatutazama, akalala tena kwenye miguu ya mzee.

Papa alitaka kuturudishia. Tulikataa, kwa haya. Mpaka leo, saa ya watoto kutoka masomo, Simba huja mpaka kwenye mlango wa parsele yetu, humngoja mtoto wetu mdogo, humnusa mikono, kisha hurudi kwake.